Mwonja Maji wa Mpakani

Mwaka huo jua lilipiga bila huruma. Nchini kwa Simba visima vilikauka vyote, kikabaki kimoja tu chenye maji, nacho kilikuwa ng'ambo ya mto mkavu, kwa Nyati. Kila asubuhi wanyama walivuka, wakachota, wakarudi. Hakuna aliyeulizwa jina.

Kisha Simba akasikia uvumi kwamba adui anapenyeza sumu majini. Adui gani, hakusema. Simba hapendi maswali. Akatangaza: "Kwa sababu za usalama, mpaka utakaguliwa. Ni kwa muda tu, siku saba." Na katika viumbe wote wenye akili timamu, akamteua Fisi.

Huko kuna desturi: anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza yeye, ndipo akupe. Fisi akaipindua. Alisema mkaguzi ndiye wa kuonja, akaketi kivukoni na kuonja kila kibuyu mpaka kikabaki kitupu.

Sungura alikuwa baba wa watoto watano. Kitinda mimba alilala tu, midomo imempasuka, hata kulia hawezi, na Sungura akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua.

"Shikamoo, Mzee Fisi," alisema kivukoni. "Nibakizie walau nusu. Mtoto ananifia."

"Marahaba. Sumu hukaa chini kabisa," Fisi akajibu, akipangusa mdomo. "Lazima nifike chini."

Siku saba zikawa kumi na nne, kisha ishirini na moja. Fisi alinenepa mpaka kiti kikalalamika. Sungura alirudi nyumbani na kibuyu kikavu, akakaa kando ya mtoto wake, aliyeishi kwa kulamba umande tu, akawaza. Kulipokucha alichukua jembe na mkeka, akaenda barazani kwa Simba.

Fisi alikuwa anatoa taarifa. "Juma hili nimenasa vibuyu arobaini vya sumu, vyote kwa ulimi wangu mwenyewe. Mtukufu, naomba siku saba nyingine."

Sungura akaangua kilio. "Maskini Fisi! Jamani, tumempoteza!"

"Tumempoteza vipi?" Simba akauliza. "Si huyo hapo, anang'aa?"

"Anajikaza tu, Mtukufu. Nani anywe sumu vibuyu arobaini apone? Ama huyu ni maiti, ama sumu haikuwepo. Na haiwezekani wewe uwe umedanganywa majuma matatu."

Simba akatikisa manyoya ya shingo. Akubali kwamba amedanganywa, mbele ya nchi nzima? Thubutu!

"Kweli, amekufa," akanguruma. "Chimbeni."

Fisi alicheka sana. Kisha akamwita Sungura pembeni. "Hebu niambie, matangani kutakuwa na chakula gani?"

"Nyumbu mzima."

Fisi akajilaza mkekani mwenyewe, akafumba macho, akashushwa shimoni kwa adabu zote. Udongo ulipomfika tumboni akafumbua jicho moja. "Mimi nipakulieni paja."

"Marehemu hali, mzee wangu," Sungura akamjibu, na kumwaga jembe jingine la udongo.

Fisi aliruka kutoka shimoni akipiga kelele. "Haikuwa sumu! Yalikuwa maji! Maji safi, matamu, yote!"

Baraza zima likaangua kicheko. Hata Kobe alicheka, naye huwa hana haraka ya jambo lolote. Simba akatazama mawingu, ingawa mawingu hayakuwepo.

"Nilikuwa nampima tu," akasema. "Mpaka uko wazi. Na huyu atawachotea maji wote aliowanyima, mdomo umefungwa kamba."

Sungura hakungoja mwisho wa hotuba. Alikimbia kisimani na kurudi mbio, na mtoto akanywa, akapaliwa, akaomba tena. Baba mtu akalia machozi ya kweli.

Simba hajaacha kutangaza hatari, kiburi hakitibiki. Ila siku hizi akinguruma tu kuhusu adui wa mpakani, wanyama humwuliza kwa heshima zote, "Pole, Mtukufu. Tumzike nani?" Naye akiwa bado anatafuta jibu, wao wameshavuka.