Nani wa Kumshusha Mhando Ulingoni

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, zamani ile ya baba zetu waliokuwa wakijazana kwa jirani kusikiliza ngumi redioni, katika mji mmoja wa mkonge aliishi bondia jina lake Sefu Mhando. Hakuna aliyemwita Sefu. Aliitwa Mhando tu, na ilitosha. Akipita sokoni, wauza samaki waliweka visu chini wakamkunjia ngumi kwa utani, naye akawakunjia yake.

Miaka ikaenda. Wenzake aliopanda nao ulingoni walikwisha kuwa madereva na maseremala. Yeye alivuka arobaini, na bado kila jioni alifunga bendeji mikononi akaenda mazoezini.

Wa kwanza kuona alikuwa mkewe, Mwajabu.

Asubuhi moja Mhando alimimina chai. Kikombe kilikuwa huku, chai ikaenda kule, juu ya mkeka, naye akaendelea kumimina huku akiitazama. Mwajabu aliona, akaogopa, akanyamaza.

Siku nyingine Mhando alimwita binti yao, Zaina, kwa jina la mama yake mzazi aliyekufa zamani, akamwuliza mbona hajaja kula. Zaina akacheka. Mwajabu aliona, akaogopa, akanyamaza.

Kisha akamkuta amesimama njiani, mkate kwapani, anazitazama nyumba moja moja kama mgeni aliyepotea. Mhando akamwuliza, "Mama Zaina, wameibomoa nyumba yetu?" Na nyumba ilikuwa mbele ya macho yake.

Siku hiyo Mwajabu hakunyamaza. Alimshika mkono akamwingiza ndani, akamwambia, "Baba Zaina, acha ngumi. Nakuomba."

Mhando akauweka mkate chini. Kisha akasema, "Nikikaa nyumbani, kichwani kunavuma kama mashine za kiwandani. Mchana na usiku. Nikipanda ulingoni kunanyamaza. Hakuna mahali pengine panaponyamaza. Sasa unataka niende wapi?"

"Twende hospitali."

"Watasema nina wazimu. Watoto watanifuata njiani." Akainuka, akauleta msahafu, akauweka mapajani mwa mkewe. "Niapie kwamba humwambii mtu."

Mwajabu akautazama uso ule aliolala nao karibu ujana wake wote, akaona kwamba mtu huyu asiyeogopa ngumi ya yeyote anaogopa. Akaapa.

Haukupita muda, likatangazwa pambano. Siku ya Idi Pili, kiwanja cha mpira, Mhando dhidi ya Chande, kijana wa mji wa jirani ambaye alikuwa hajapigwa na mtu. Raundi kumi. Mji mzima ukachangamka. Mwajabu chakula hakikumpita kooni.

Akaenda kwa Mzee Semkiwa. Huyu ndiye mwalimu wa Mhando. Alimtoa shambani akikata mkonge, akamfundisha kusimama, akamfundisha kukwepa, akampenda kama mwanawe. Mwajabu hakuvunja kiapo. Alimwuliza tu, "Mwalimu, mwanafunzi wako unamwonaje?"

Mzee akaacha kushona glovu aliyokuwa nayo. "Namwona, mwanangu. Zamani ngumi alikuwa anaiona ingali begani kwa mwenzake. Siku hizi anaiona ikishamfika."

"Basi mkataze."

"Nilimkataza mwaka jana. Akaenda kwa mwalimu mwingine, mtu asiyemjua, akapigana. Alirudi kwangu anakojoa damu. Nikasema, kama lazima apigane, bora niwe mimi kwenye kona yake, na taulo la kusimamishia pambano mkononi."

"Ukiona mambo mabaya, utalitupa?"

Mzee akaishika sindano yake tena. "Ameniapisha nisilitupe akiwa bado amesimama."

Mwajabu akarudi nyumbani na hofu mbili badala ya moja.

Tumaini likabaki kwa daktari. Katika mji ule bondia hakupanda ulingoni mpaka apimwe, na mpimaji alikuwa Daktari Mshana, mtu mpole, asiye na haraka. Ramadhani ilikuwa ukingoni. Mhando akaenda, na Mwajabu akamfuata. Daktari akamsimamisha kwa mguu mmoja, akasimama. Akamfuatisha kidole kwa macho, akakifuata. Akamwuliza siku na mwezi, akajibu huku anacheka, kwa kuwa njia nzima alikuwa akivirudia kimoyomoyo na midomo yake ikicheza, Mwajabu anamwona. Daktari akaona vidole vinatetemeka kidogo. Akasema, "Hii saumu hii," akamgeukia Mwajabu.

"Mama, wewe ndiye unayeishi naye. Yukoje nyumbani? Anasahausahau? Anapepesuka?"

Mhando hakumtazama mkewe. Alitazama magoti yake. Mwajabu akauogopa msahafu, akamwogopa mumewe, akaliogopa na lile neno wazimu. 

"Hajambo, daktari," akasema.

Daktari akampa Mhando mkono, akamtakia heri.

Siku ya Idi Pili ikafika. Mwajabu hakuwa amewahi kumwona mumewe akipigana hata mara moja. Siku zote alingoja nyumbani na maji ya moto. Siku hiyo alijitanda kanga, akapenya katikati ya wanaume, akaenda akasimama nyuma ya Mzee Semkiwa, kwenye kona ya Mhando. Jua lilikuwa kali. Ngoma zilikuwa zinapigwa.

Kengele ikalia. Raundi za mwanzo Mhando alikwenda vizuri, na Mwajabu akaanza kupumua. Raundi ya nne Chande akampata juu ya sikio. Haikuwa ngumi kubwa. Mhando hakuanguka, hata hakuyumba. Lakini kengele ya mapumziko ilipolia, Mhando alikwenda kwenye kona ya Chande, akaketi kwenye kiti cha Chande, akafungua kinywa apewe maji.

Watu wakaangua kicheko. Wakadhani anamdhihaki kijana. Wasaidizi wa Chande nao wakacheka. Chande mwenyewe hakucheka. Alimwinamia, akamtazama machoni, kisha akamshika mkono taratibu, akampeleka kwenye kona yake kama anavyopelekwa kipofu.

Mwajabu akalikamata taulo. Mzee Semkiwa alikuwa amelishika upande wa pili.

"Mwalimu, litupe."

"Bado amesimama, mwanangu."

"Kasimama wapi? Hajui alipo."

Mzee akalikaza taulo. Mikono yake ilikuwa imelowa jasho na haikuachia. Wakavutana, huyu huku, huyu kule, na katikati yao Mhando amekaa kwenye kiti. Mhando akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu ngumi ile macho yake yakamjua mtu.

"Mama Zaina," akasema polepole, "usinivue nguo mbele za watu."

Mwajabu akaliachia taulo.

Kuanzia raundi ya tano Chande hakumpiga tena kichwani. Alimgusa mbavuni, akarudi nyuma, akazunguka, akakumbatia. Watu wakamzomea. Mara moja akamnong'oneza, "Kaka, kaa chini yaishe, mimi sitakupiga," na Mhando akamjibu kwa ngumi ya mdomo iliyomtoa damu. Chande akaifuta, akaendelea kuzunguka. Zikaenda hivyo raundi zote zilizobaki, Mhando anafuata, kijana anarudi nyuma, jua linawaka. Kengele ya mwisho ikalia. Refa akauinua mkono wa Mhando.

Mji ukalipuka. Watu waliruka kamba wakambeba Mhando mabegani, wakaanza kuzunguka naye uwanja kwa ngoma. Mwajabu akawafuata mbio. Aliona kichwa cha mumewe kinalala polepole kwenye sikio la mtu aliyembeba, kama anayemwambia siri. Akapiga kelele, "Mshusheni! Mshusheni!" Ngoma zikaimeza sauti yake. Wakacheza naye, wakaimba jina lake, wakazunguka tena, mpaka mmoja alipoona mguu unaning'inia na kiatu kimechomoka.

Hakufa. Alilazwa muda mrefu, akatoka. Lakini aliyetoka hakuwa yule aliyeingia. Alikaa akiutazama ukuta, akalishwa, akafutwa. Alikuwa hamjui tena hata Zaina. Sufuria ikianguka jikoni alisimama wima, akainua ngumi, machozi yanamtoka, anamtafuta mpinzani chumbani. Siku moja aliyekuwa mbele yake alikuwa Mwajabu. Mwajabu alijibanza kwenye kona ya chumba, mikono usoni, akawa anaita jina lake kwa sauti ndogo, mpaka ngumi zile zikashuka zenyewe.

Ndipo akaja Bi Mgeni kutoka shamba. Huyu ni dada mkubwa wa Mhando, aliyemlea mgongoni baada ya mama yao kufa. Alimtazama ndugu yake, akamlisha uji kwa mkono wake, kisha akatoka uani akawaita wahusika wa mjini baada ya swala ya alasiri.

Akasema, "Nitamchukua. Atakaa kwangu mpaka Mungu atakapoamua. Atakayetaka kuja kumwona, aje. Atakayetaka kuja kunisaidia kumwogesha, aje. Ila yupo mmoja kati yenu aliyepaswa kuyazuia haya na akayaacha. Huyo asivuke kizingiti changu, wala asiuone tena uso wa ndugu yangu. Sasa semeni."

 Kumpoteza mara ya kwanza Mwajabu alikuwa ameshampoteza. Hii ingekuwa ya pili.

Daktari Mshana akasema, "Mimi nilipima kwa macho yangu na nikauliza kwa mdomo wangu. Sina kipimo cha kuona ndani ya kichwa. Niliyemwuliza alikuwa mtu wa karibu kuliko wote, akaniambia hajambo. Daktari aliyefichwa atatibu nini?"

Bi Mgeni akamwuliza, "Na vidole vilivyotetemeka?"

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Nilivipa sababu iliyo nyepesi," akasema. "Hilo nalikiri."

Mzee Semkiwa hakuweza kusema amekaa. Alisimama. "Bi Mgeni, ningemwacha angekwenda kwa wasiomjali. Nilibaki ili nimlinde, na taulo nililishika tangu raundi ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilimwapia mtu mzima mwenye akili yake, na heshima yake ilikuwa hiyo tu. Ningelitupa, angeishi miaka yote akinilaani."

"Angeishi akikulaani," Bi Mgeni akasema.

Mzee akakaa chini, akafunika uso.

Chande hakuwa ameitwa. Alikuja mwenyewe kwa basi, akakaa karibu na mlango wa ua. "Mama," akasema, "mimi niliona raundi ya nne. Nikajizuia. Nilishindwa na mtu ambaye ningeweza kumwangusha kwa mkono mmoja, na kwetu mpaka leo wananicheka. Sikumpiga tena kichwani. Nimekosa nini?"

Mzee Semkiwa akajibu kabla ya Bi Mgeni. "Ungemwangusha ile ile ya tano, mwanangu, ningelitupa taulo. Huruma yako ilimsimamisha juani raundi sita."



Jirani mmoja akauliza, "Na Mhando mwenyewe? Aliyewafunga wote midomo si yeye?"

"Yeye nimeshamchukua," Bi Mgeni akasema. "Na ninyi mliombeba mkicheza, msijione mko mbali." Kisha akamgeukia Mwajabu. "Wifi yangu, umebaki wewe."

Kanga ikamdondoka Mwajabu begani, hakuiokota. "Niliona kabla ya watu wote," akasema. "Niliapa kwa msahafu, nikakitimiza kiapo. Nilikwenda kwa mwalimu, nilikwenda uwanjani, nililishika taulo. Hakuna hapa aliyehangaika kama mimi. Lakini nilipoulizwa nilisema hajambo, na aliponitazama nililiachia. Nilimwogopa yeye, wifi, kuliko nilivyoogopa kumkosa. Usinifungie mlango. Ananyamaza akisikia sauti yangu."

Bi Mgeni akawatazama mmoja mmoja. Ndani, Mhando alikuwa ameanza kugonga ukuta kwa ngumi, polepole, na hakuna aliyeinuka. Gari la kuwapeleka shamba lilikwisha fika, dereva anapiga honi, na Bi Mgeni alikuwa bado hajataja jina.

Wenzangu mlioketi hapa, wote mmewasikia. Daktari aliuliza akaamini. Mwalimu aliona akaapa. Kijana aliona akahurumia. Mke aliona akaogopa. Mji ulitazama ukashangilia. Kama mngekuwa ninyi mmekaa mahali pa Bi Mgeni, na gari linangoja, je, ni nani aliyepaswa kumshusha Mhando ulingoni, na ni nani asivuke kizingiti kile?