Ujumbe Uliovuna Kilima cha Matembwe

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wengi wetu tunaitaja methali hii midomoni tu, mpaka siku ndoo inapopinduka miguuni petu wenyewe. Kristofa naye aliitaja sana. Muulize leo maana yake, hatakueleza, atakuonyesha.

Kristofa na mwenzake Asteria walitengeneza programu katika ofisi ndogo mjini Makambako. Programu yao iliwapelekea wakulima wa maparachichi ujumbe wa simu: lini wavune, lini lori la mnunuzi litapanda kuwafuata. Kazi yao waliiweka kwenye ghala moja la mtandaoni, kila mmoja akichota alichokiongeza mwenzake. Ghala lile halikusahau kitu. Ndiyo maana palikuwa na faili liitwalo gitignore, lenye majina ya mafaili ambayo ghala lisiyaguse. Mojawapo lilipaswa kuwa faili la mipangilio, lile lililoamua ujumbe uende kwenye simu ya majaribio au kwa wakulima wenyewe. Kila mtu alitakiwa abaki na lake.

"Kaka Kristofa, liandike faili lako kwenye gitignore kabla hujapandisha kazi ghalani," Asteria alimkumbusha.

"Aa, dada Asteria, nawe kwa woga! Nitaliandika baadaye. Kwani litaota miguu?"

Akapandisha. Kesho yake akakumbuka, akaliandika, akakung'uta mikono. Masikini! Hakujua kwamba gitignore humzuia mgeni aliye bado mlangoni. Aliyekwisha kuingia humwacha aketi. Siku Kristofa alipoelekeza faili lake kwa wakulima wa kweli, likapanda ghalani kimya kimya pamoja na kazi nyingine. Jioni Asteria alipochota kazi ya mwenzake, likashuka kwenye kompyuta yake na kulifunika lile la majaribio. Naye, kama kawaida yake, akajaribu kutuma: "Vuneni kesho asubuhi. Lori linakuja." Simu ya majaribio pale mezani haikulia. Akadhani mtandao unasumbua, akafunga ofisi, akaenda zake mazoezi ya kwaya.

Asubuhi simu ya Kristofa ikaita. Alikuwa Mama Bertila, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa Matembwe.

"Mwanangu, lori limefika wapi? Sisi tumeanza alfajiri, tumemaliza."

"Mmemaliza nini, mama?"

"Kuvuna! Si mmetuambia wenyewe?"

Kristofa akakimbilia ofisini, akakuta faili lake ndilo lililoupeleka ujumbe wa jaribio kwa wakulima. Akaufuta ule ujumbe kwenye programu, akaazima gari, akaondoka na Asteria. Wakapita Njombe, wakaingia barabara ya Lupembe hadi Matembwe.

Lo! Walichokikuta! Watu wa Matembwe huvuna kwa kusaidiana. Hawavuni shamba la mmoja wakaacha la jirani. Ukungu ulikuwa ukiinuka taratibu, na chini yake kilima chote kilikuwa kimevunwa. Marundo ya maparachichi yalifuatana kutoka shamba hadi shamba, na kando ya kila rundo watu wameketi, wanatazama barabarani. Sentensi mbili fupi zilikuwa zimewaamsha wote hawa. Kristofa akashuka garini. Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomtisha: hakuwahi kujua kwamba anaaminiwa kiasi kile.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Mama Bertila alikata tunda kwa kisu akamwonyesha nyama yake, ngumu na yenye majimaji. "Hayajaweka mafuta. Tulishangaa, lakini tukasema hawa vijana wana vipimo vyao."

"Mama, hatukuwa na vipimo. Ni kosa langu. Asteria alinionya nikapuuza. Lakini ule ujumbe nimeshaufuta."

Mama Bertila akaokota parachichi, akamtia kiganjani, akaonyesha kikonyo kitupu kwenye tawi lililokuwa juu ya kichwa chake.

"Umefuta? Haya. Na hili lirudishe pale."

Kristofa akainua mkono, sijui kwa nini, akaligusisha tunda kwenye kikonyo. Akakaa hivyo, mkono juu, machozi yakimtiririka, na watu wote wa Matembwe wakimtazama. Hakuna aliyecheka.

Mnunuzi hakuyataka. Mengi yaliliwa na nguruwe, na kikundi kikarudi kupashana habari kwa mdomo kama zamani. Kristofa aliliondoa lile faili ghalani, lakini alipofungua kumbukumbu za nyuma alilikuta limo vilevile, na jina lake pembeni.

Mfanyakazi mpya akija, Kristofa humfundisha gitignore kabla ya yote. Kisha humwekea kiganjani lile parachichi la Matembwe kutoka juu ya meza yake, lililonywea, gumu, lisiloiva kamwe. Maji yakimwagika hayazoleki.