Mikate Mitatu Mlangoni pa Bi Rababu

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mji ukingoni mwa jangwa ulioitwa Nawira, ambao watu wake walipenda kutoa sadaka, na zaidi ya kutoa walipenda kuficha. Mtu wa Nawira aliiogopa riya, yaani kutenda wema ili aonekane, kama aogopavyo nyoka. Baada ya swala ya adhuhuri, jua likiwa utosini na mji mzima umelala ule usingizi wa mchana uitwao kailula, ndipo waja wema walipotoka majumbani mwao, mkate umefichwa chini ya joho, wakinyata kwenye vivuli vya kuta kama wezi wa kuku. Waliweka walichobeba kwenye kizingiti cha maskini, wakatoweka. Mji ukaamka alasiri, wala hakuna aliyeuliza lolote, kwani kuuliza kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu.

Mimi nawapenda watu hao, lakini leo nitawasema.

Katika mji huo aliishi Bi Rababu, mjane, msuka mikeka. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na paa lake lilikuwa la magogo ya mtende, juu ya magogo matete, na juu ya matete udongo tena. Bintiye wa pekee, Buthaina, alikuwa ameondoka na msafara wa mahujaji. Siku ya kuagana binti huyo aliushika mlango wa nyumba, mlango ambao marehemu baba yake aliuchonga kwa mkono wake, akasema, "Mama, huko niendako nitaiona nyumba ya Mola wangu. Nikirudi, nataka niione na hii." Bi Rababu akamwitikia, "Utaikuta inshallah, nami nimo ndani."

Msafara ukachelewa, na majira ya mvua yakakaribia. Mvua za mwaka uliotangulia ziliangusha paa bovu juu ya watu waliolala, na Liwali wa mji, mcha Mungu mwenye moyo laini, aliapa kwamba msiba ule hautarudi. Aliamuru kila nyumba yenye paa bovu itiwe alama ya chokaa mlangoni, mwenyewe ahame kabla ya mvua ya kwanza, kisha nyumba ibomolewe. Amri ilikuwa na haki yake. Ahamie wapi, amri haikusema. Watumishi wakapita kwa Bi Rababu, wakatazama juu, wakatikisa vichwa, wakachora.

Bibi wa watu hakupiga kelele. Alikaa karibu na alama ile akisuka, na kila adhuhuri ilipopita alikuta mikate mitatu kizingitini, mizito, ya moto. Tumbo lake lilikuwa moja, tena dogo. Alikula mmoja, na kwa kuwa aliona ni dhambi kuitupa neema, iliyobaki aliimegea njiwa. Njiwa nao wakapashana habari. Wakaja wa mtaa, kisha wa mji mzima, wakatua juu ya paa, na waliposhiba wakaanza kuchomoa matete wajengee viota vyao. Basi kila mikate ilivyoingia ndivyo paa lilivyopungua. Mtu akilala chali ndani ya nyumba ile aliona vipande vidogo vya mbingu, na mabawa yakipita polepole, na vumbi jembamba likishuka kwenye mwanga. Palikuwa pazuri, subhanallah, pazuri kwa namna ya kitu kinachokaribia kwisha.

Mmoja wa waletao mikate ile alikuwa Bi Sukaina, kiongozi wa wanawake wasokota pamba. Tangu ujana wake hakuna kiumbe aliyejua sadaka zake, hata marehemu mumewe. Siri hiyo aliiona ndiyo akiba yake ya Akhera, na aliipenda kama wengine wapendavyo dhahabu. Adhuhuri moja usingizi ulimchukua kabla hajatoka, mkate ungali mapajani, akaota. Alijiona akitembea Nawira, na nyumba zote zimejengwa kwa mikate: kuta za mikate, mnara wa mikate, na harufu yake tamu ajabu. Kisha likadondoka tone la mvua. Mji ukaanza kulainika na kuinama, bila kishindo, bila kilio. Watu walisimama nje wakiutazama, wakiambiana kwa upole, "Lakini tulitoa. Wallahi tulitoa."

Akaamka. Akachukua mkate wake akaenda kwa Bi Rababu, na kwa kuwa siku hiyo alichelewa, aliikuta mikate mingine miwili imetangulia kizingitini. Hapo akafanya jambo ambalo mtoa sadaka wa Nawira hajapata kulifanya. Alibisha hodi.

"Karibu," sauti ikajibu. "Nani abishaye saa hii? Mimi nina mgeni mmoja tu ninayemngoja."

"Ni Sukaina, dada yangu, wa wasokota pamba. Nimekuletea mkate."

Bi Rababu akacheka, akamkaribisha ndani. "Mola akulipe kheri. Lakini ukitoka chukua na mmoja urudi nao. Mimi na njiwa tumeshiba."

Bi Sukaina akainua macho, akaona mbingu. Akasema, "Na paa hili, dada, hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Wanaonipa siwajui, na mikate haina masikio. Tena niliona haya. Mola ananilisha kila siku, nami nimwambie, ya Rabbi, si mkate ninaouhitaji?" Akakunja ukili wa mkeka wake vidoleni. "Kuhama nitahama. Ila mwanangu atabisha mlango upi?"

Bi Sukaina akachukua mkate mmoja, akaaga. Alirudi kwake akilia njia nzima, na hakujali nani anamwona.

Alijua sasa dawa ya jambo lile: mmoja wa watoao avunje siri, aseme. Nafsi ikamwambia, umeilinda umri wako wote, leo uimwage barabarani? Watu watasema Sukaina anajionyesha. Na kweli wangesema. Midomo ya watu haina kufuli. Akatandika mswala, akakaa kitako muda mrefu, kisha akasema, "Mola wangu, siri hii nilikuwekea wewe, nami nimeipenda mno hata ikawa yangu. Nairudisha kwako."

Siku ya pili, mji ulipolala, alikwenda kukaa kwenye baraza ya Bi Rababu na mkate wake mapajani, waziwazi. Haukupita muda akatokea Bwana Mikdadi, mkuu wa waashi, pande la mtu, akitembea kwa ncha za vidole. Alipomwona bibi akageuka upesi akawa anaukagua ukuta.

"Napita tu, Bi Sukaina."

"Na huo uvimbe kifuani, Bwana Mikdadi, umekuanza lini?"

Mwashi hajajibu, akaja mchunga mbuzi mwenye kanzu ya viraka, hana mbuzi, na miguuni amevaa viatu vya Liwali. Wote watatu wakatazamana. Natamani ningalikuwapo nizione nyuso zao.

Bi Sukaina akasimama kwa heshima. "Nisameheni, mabwana zangu. Mkate wa tatu ni wangu. Nimesema, na Mola anajua kwa nini nimesema. Bwana Mikdadi, wewe ni mwashi. Mbona unaleta mkate?"

Mikdadi akainamisha kichwa. "Nilidhani sadaka ni chakula. Kujenga ni kazi yangu ya kila siku, sikujua kama nayo hutolewa."

Liwali, ndani ya kanzu yake ya viraka, hakungoja kuulizwa. Alikuwa akiitazama chokaa mlangoni. "Mkono wangu mmoja unamlisha," akasema, "na wa pili unamtoa nje. Na magogo tuliyobakisha tulipojenga soko yamelala ghalani, yanaliwa na mchwa." Machozi yakamlengalenga, kwa maana hakuwa mtu mbaya, bali wema wake aliufanya peke yake.

Basi Liwali akatoa magogo ya mji. Mikdadi akaja na waashi wenzake. Wanawake wa pamba wakasokota kamba za kufungia, na Bi Rababu akalala kwao hadi kazi ilipokwisha. Tangu hapo likawa desturi kwamba watumishi wa Liwali hawatii chokaa kwenye mlango wowote kabla habari yake haijafika msikitini. Kila Ijumaa, baada ya swala, watu wa mitaa na wakuu wa kazi hukaa pamoja na Liwali, wala haulizwi mtu ametoa nini. Huulizwa: nani kwenu yuko karibu kukosa paa, na nani ana nini?

Ikaja mvua ya kwanza. Bi Rababu alilala chali akiisikiliza ikinguruma juu yake, na halikudondoka hata tone. Katikati ya mvua akasikia hodi, laini, hata akadhani anaota. Akaenda akafungua. Buthaina alikuwa amesimama hapo, amelowa, kakondeana kwa safari, kiganja chake kimelala juu ya mti aliouchonga baba yake.

"Mama," akasema, "hiki cheupe mlangoni ni nini?"

"Si kitu, mwanangu," akajibu Bi Rababu. "Ingia, usizidi kulowa."

Ndugu zangu, sadaka hufichwa ili asitirike anayepewa. Tukiificha hata tukashindwa kumwona yeye mwenyewe, basi tumejisitiri sisi, naye tumemwacha nje. Mwenyezi Mungu atujaalie ikhlasi ya moyo, na atujaalie pia ulimi wa kumwuliza jirani: kwako panavuja?