Mama Pimbi Atafuta Kanisa Lisilomaliza Kunde Zake

"Mpo?"

"Tupo."

"Masikio yako wapi?"

"Hapa hapa kichwani."

"Basi yategeni, maana nikishaanza sirudii."

"Anza, tunakungoja."

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakienda kanisani kila Jumapili, alikuwepo Mama Pimbi, mfupi kama kigingi, mwenye watoto watano na sufuria moja ya kunde.

Kanisa lake lilikuwa la Bondeni, na mzee wa kanisa alikuwa Ngiri. Alichaguliwa kwa sababu ya magoti. Ngiri akila hupiga magoti, akichimba mizizi hupiga magoti, na magoti yake yana sugu nene kama soli ya kiatu. Wanyama walipoziona sugu hizo wakasema, huyu anasali kutuzidi sote.

Kila Jumapili kila mama alileta sufuria yake, wakaziweka mbele ili ziombewe kisha wale pamoja. Ngiri akapiga magoti karibu nazo, akasema, "Tufumbe macho, tuombe kimya kimya. Atakayechungulia atapofuka."

Wakafumba. Kimya. Kisha, mng'unyu, mng'unyu, fyoo. Mng'unyu, mng'unyu, fyoo.

"Amina," akasema Ngiri, akijifuta kidevu. "Bwana amepokea."

Sufuria zote tupu.

Mwaka wa kwanza Mama Pimbi alivumilia. Mwaka wa pili alivumilia. Mwaka wa tatu, Jumapili moja, alibaki nyumbani akafua nguo. Hakulia wala hakugombana na mtu. Alisema tu, "Mungu anayemaliza kunde za watoto wangu na ukoko wake, mimi sina imani naye tena." Akaanika.

Ngiri akaja kumtembelea. "Dada, wewe ni kondoo aliyepotea."

"Mimi ni pimbi, mzee."

"Na ile sufuria nayo imepotea?"

"Ipo. Inaloweka nguo."

Ngiri akaondoka amenuna.

Basi siku moja mchana Mama Pimbi alipakua kunde, na watoto, kwa mazoea, wakafumba macho. Akaona aibu kuwaacha hivyo. Akafumba yake, akasema, "Ewe Mungu, kama bado una njaa, hizi hapa."

Akafumbua. Kunde zipo, pomoni. Akafumba tena, akahesabu mpaka ishirini. Akafumbua. Kunde zipo.

"Kumbe hali kunde," akasema Mama Pimbi. Imani ikamrudia pale pale, mwiko ukiwa mkononi, akaomba radhi kwa kumsingizia Mungu miaka mitatu. Ila Bondeni hakurudi. Akaanza kutafuta kanisa jipya.

Akaenda kwa Kasuku. Mchungaji akasema, "Karibuni." Waumini wakajibu, "Karibuni." Mchungaji akarudia, "Karibuni." Mpaka adhuhuri walikuwa bado wanakaribishana. Mama Pimbi akatoka, sufuria kichwani, watoto nyuma.

Akaenda kwa Kobe. Akawakuta katikati ya wimbo wa kufungulia ibada, ulioanza Jumapili iliyopita. Akatoka, sufuria kichwani, watoto nyuma.

Akaenda kwa Chura. Huko walibatiza kila aliyefika, na aliyepiga chafya walimbatiza tena. Watoto walipiga chafya wiki nzima. Akatoka, sufuria kichwani, watoto nyuma.

Mwisho akafika kwa Nungunungu. Pale hakuna aliyemsukuma mwenzake kwenye benchi. Mahubiri yalikuwa mafupi, maana mchungaji mwenyewe alikuwa na njaa. Wakaomba, wakala. Watoto wakashiba. Mama Pimbi akasema moyoni, hapa ndipo nyumbani.

Jumapili ya tatu, nani anaingia? Ngiri. Harufu ilimleta. Akapita moja kwa moja mpaka mbele, akapiga magoti penye sufuria.

"Tazameni magoti hayo," wakanong'ona waumini.

Nungunungu akasema, "Mzee, tuongoze kwenye sala."

Mama Pimbi aliona kanisa lake linamponyoka. Na lililobaki lilikuwa la Popo peke yake, ambako husali kichwa chini. Akainuka, akasogeza sufuria yake mpaka chini ya pua ya Ngiri. Siku hiyo alipika magimbi, na yalikuwa yametoka motoni sasa hivi.

"Tufumbe macho," akasema Ngiri. "Tuombe kimya kimya. Atakayechungulia atapofuka."

Mama Pimbi akahesabu moja, mbili, tatu. "Amina," akasema kwa sauti.

"Amina," wakaitikia wote, wakafumbua macho.

Ngiri ana gimbi shavu hili na gimbi shavu lile. Kumeza, yanaunguza. Kutema, ni kanisani.

"Mgeni ajitambulishe," akasema Nungunungu.

"Hofu, hofu, mmh," akasema Ngiri.

"Namfahamu huyu," akasema Mama Pimbi. "Ni wa kwetu Bondeni. Anasema amekuja kutubu."

Ngiri akatikisa kichwa, machozi yakamtoka.

"Mnaona anavyolia," akasema Mama Pimbi.

"Mmh, hofu, mmh."

"Anasema hastahili kula nasi. Anataka kutumika kwanza."

"Kutumika vipi?" akauliza Nungunungu.

"Mmh. Mmh. Mmh."

"Kuchota maji, kuosha sufuria zote, na kunishikia watoto ibada nzima."

Makofi yakapigwa, pa, pa, papapa. Ndipo gimbi likashuka, gludu.

"Mimi sikusema," akaanza Ngiri.

"Hukusema?" Miiba ya Nungunungu ikasimama, kwaa. "Kwani mdomoni ulikuwa na nini wakati tunasali?"

Ngiri akaitazama miiba.

"Nilisema," akajibu. "Sufuria ziko wapi?"

Basi akapewa watoto, wawili kwenye meno, watatu mgongoni. Mama Pimbi akakaa. Akala chakula kikiwa cha moto, taratibu, mpaka mwisho, wala hakuna aliyemwita.

Funzo la hadithi hii ni kwamba mtu asihamehame makanisa. Ukimwona mzee amepiga magoti, mwamini bila kuuliza. Na ukiombwa kumfasiria mwenzako, fasiri neno kwa neno kama Mama Pimbi.

"Nimeimaliza, naishusha hapa."

"Ishushe, tumeichukua."