Filamu Iliyomaliziwa Jikoni

Wapendwa, leo sitawachosha, maana harufu ya pilau hata mimi imenifikia. Nina mfano mmoja tu.

Kulikuwa na baba mmoja aliyejivunia desturi ya nyumba yake. Kila Krismasi, wakitoka kanisani, aliwasha deki na kuweka filamu ileile, ya ndugu wawili waliogombania shamba la kahawa. Miaka kumi na moja mfululizo. Wageni aliwaambia, "Siku hii kwangu hatutawanyiki. Tunaitazama wote." Na sauti aliifungulia mpaka majirani walijua kaka mkubwa amefika mahakamani.

Basi mwaka huo kaka mkubwa akafika mahakamani, akafungua mdomo amjibu hakimu, picha ikaganda. Baba akaitoa CD, akaifuta kwa shati. Ikaganda palepale. Akaipaka dawa ya meno, nyie mliowahi kufanya hivyo msijifanye hamnijui. Ikaganda palepale, kaka mdomo wazi. Watoto wakanuna. Baba akanyong'onyea kabisa, maana hiyo ndiyo ilikuwa Krismasi yake.

"Haya, nani anakumbuka alimwambia nini hakimu?" akauliza.

Wakatazamana. Mmoja alikumbuka koti, mwingine alikumbuka gari la polisi. Maneno hakuna aliyekuwa nayo.

Sauti ikatoka jikoni. "Alisema, 'Mheshimiwa, shamba ni la mdogo wangu. Hati niliiba mimi, baba akiwa mgonjwa.' Mdogo wake naye akamwambia, 'Kaka, twende nyumbani, mama ameshakutandikia kitanda.'"

Mama mwenye nyumba akaja mpaka mlangoni, mwiko mkononi, akawasimulia yote hadi mwisho, neno kwa neno, hata hakimu alipokohoa. Watoto wakapiga makofi. Baba akacheka kwa furaha. "Mama watoto, umeniokolea sikukuu."

Ndipo mama akaitazama ile picha iliyoganda. Akasogea karibu.

"Kwani huyu ndiye kaka mkubwa?" akauliza. "Miaka yote nilidhani ni mtu mnene."

Pilau likaanza kuungua, na kwa mara ya kwanza baba akalisikia.

Sasa nawauliza, ile sikukuu iliharibika lini? Ni siku CD ilipokwama? Na yule baba hakuwa mtu mbaya. Aliposema "wote" aliamini anachosema. Ndivyo tulivyo sisi. Tunahesabu waliokaa, tunasema tumetimia.

Na mimi nimo. Asubuhi hii nimesimama hapa nikasema, "Tunamshukuru Mungu, tumekusanyika sote." Mkaitikia amina, kwa sauti nzuri tu. Lakini nyuma ya ukuta huu Mama Ndeshi na wenzake watatu wako kwenye masufuria tangu alfajiri. Kila sikukuu, tangu nihamie usharika huu, mahubiri yangu wanayapata dirishani. Hivi sasa wananisikia. Naona aibu, nawaambia ukweli.

Wazee wa kanisa, mmekaa mstari wa mbele na mmelala vizuri. Wanne kati yenu watoke, wakapokee miiko. Nitasubiri. Amina ya leo siisemi mpaka Mama Ndeshi awe amekaa pale mbele.