Pikapu Iliyompandisha Fundi Shekigenda

Nikisema "Washa!" nyinyi itikieni "Inaunguruma!" Haya: washa!

Hiyo si sauti ya kuunguruma, hiyo ni ya betri iliyokufa. Basi na iwe hivyo hivyo, maana hadithi yenyewe haina sherehe.

Palikuwa na mafundi watatu pale Korogwe, wote wamefundwa kazi na mtu mmoja, Fundi Shekigenda. Singano alikuwa na jicho. Ukimwonyesha bati lililoliwa na kutu, anakwambia lilikuwa mlango wa gari gani na liligongwa upande upi. Mwanahawa, mjane, alikuwa na sikio. Gari likipita barabarani naye yuko jikoni, anajua ni silinda ipi inayochechemea. Mbelwa alikuwa na mkono. Vyuma viwili visivyopatana, akivishika yeye vinakuwa ndugu. Alikuwa na mdomo pia, lakini huo hakuna aliyemwomba.

Fundi Shekigenda akaugua kifua. Miaka yote alipuliza rangi za magari bila kujifunga kitambaa puani, na alipoonywa alicheka. Sasa kicheko kilimwishia. Akawaita wanafunzi wake, binti yake Mashavu akiwapo, akasema kwa shida:

"Wanangu, nizikwe Mlalo, kando ya mama yenu. Lakini msinipandishe mlimani kwa gari la kukodi. Nataka pikapu yangu."

Walitazamana. Pikapu ile, Peugeot ya zamani sana, ndiyo iliyomteremsha mkewe kutoka Mlalo akiwa bibi harusi. Ndiyo pia iliyompandisha akiwa ndani ya sanda. Baada ya mazishi yale mzee hakuweza kuitazama, akaiuza, na injini yake ilikwisha kung'olewa zamani.

"Na nikishafika," mzee akaendelea, "gari liwe la mmoja wenu, yule ambaye bila yeye nisingefika. Lisiuzwe, lisigawanywe. Gari la watu watatu kila mtu analiendesha, hakuna anayelibadilisha oili."

Wote watatu wakaitikia kwa kichwa, na kila mmoja aliona kwamba mzee anamtazama yeye. Wala hakuna aliyeuliza zaidi. Mgonjwa hahojiwi.

Singano akatoka kuitafuta. Alizunguka mashamba ya mkonge, akachungulia nyuma ya kila kambi, mpaka akaikuta huko Magoma: bodi na chesesi yake, ile fremu ya chini, juu ya mawe, kuku wanatagia kwenye kiti. Mtu mwingine angepita akidhani ni banda. Mwenye kuku alikuwa mkaidi.

"Hawa watalala wapi?" akauliza.

Singano akamwachia pikipiki yake, ile ya kuendea kazini, akarudi na chuma chake juu ya tela la trekta. Tangu siku hiyo anatembea kwa miguu.

Ikabaki injini, na hapo ubishi ukawaka, kwa kuwa Korogwe kila mtu ni fundi hadi apewe spana. Mbelwa alitaka injini ya petroli ya silinda sita, iliyotoka kwenye gari la kifahari lililopinduka.

"Hii ukiikanyaga, Mombo wanafungua madirisha!" akasema.

Singano akataka ndogo, ya aina ile ile ya asili. "Mzee ataitambua sauti yake."

Mwanahawa alizisikiliza zote mbili zikiwaka, kichwa kimeinama. "Hiyo kubwa ina pupa, itachemka kabla ya kufika Soni, nusu ya mlima," akasema. "Hii ndogo imechoka, inakohoa kama mzee mwenyewe. Mlima unataka injini isiyo na haraka."

Akaenda kwake. Alikuwa na injini ya dizeli ya Land Cruiser iliyozungusha mashine yake ya kusaga mahindi, na mashine hiyo ndiyo iliyowalisha wanawe tangu baba yao afariki. Akaifungua mwenyewe, nati baada ya nati. Watoto walisimama mlangoni wakitazama. Mashine imenyamaza mpaka leo, na wanawake wa mtaa ule wanabeba mahindi yao hadi ng'ambo ya reli.

Sasa mpe Mbelwa kazi. Injini ndefu, nafasi fupi. Giaboksi ya gari hili, injini ya gari lile. Alikata, akachomelea, akaitia chesesi mbavu mpya, akachonga sahani ya chuma ya kuunganisha visivyounganika, akafupisha propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma. Kwa uzito ule, breki za zamani zisingefaa, akatafuta za gari kubwa zaidi. Alikuwa hajazifunga bado mzee alipokata roho, alfajiri ya Ijumaa.

Maiti haicheleweshwi, mnajua. Ilibidi azikwe kabla ya jua kuzama, na Mlalo si hapo nyuma ya nyumba. Mashavu akaja gereji, macho mekundu.

"Kaka Mbelwa, baba aliusia umwoshe wewe. Maji yapo tayari."

Mbelwa alikuwa chini ya gari. "Nikienda kumwosha, nani atafunga breki?"

"Sijui, kaka."

Akabaki chini. Alifunga bomba za breki huku machozi yanamwingia masikioni, na wenzake walimsikia. Alipomaliza, mzee alikwisha kuvishwa sanda, na Mbelwa hakuuona tena uso wa mwalimu wake.

Gereji ile ilikuwa na desturi: aliyetengeneza gari hukaa mbele siku ya kulijaribu. Basi wakabanana mbele wote watatu, jeneza nyuma. Singano aliendesha hadi Mombo. Njiani daraja lilikuwa limefungwa, wakapitishwa kwenye mchepuko wa mashimo, na chuma alichokiokota kwenye kuku kikalia kote bila kupasuka. Mwanahawa akashika usukani kupanda mlima. Magari mapya yalikuwa yamesimama pembeni yakifuka mvuke. Dizeli yake ikapita taratibu, haikubadili hata sauti. Mbelwa akapokea usukani Lushoto. Kwenye mteremko wa mwisho lori la mbao likatokea kwenye kona, limekula njia yote. Breki zikashika. Jeneza halikusogea hata shubiri.

Mzee akazikwa jua likiwa bado lipo.

Wangali na udongo kwenye viatu, Singano akanyoosha mkono kuomba ufunguo. "Bila bodi mngempakia wapi? Juu ya injini?"

"Bila injini," Mwanahawa akajibu, "bodi yako ni banda la kuku."

"Na bila mimi nyote mna chuma chakavu," akasema Mbelwa, sauti imepasuka. "Nyinyi mlimuaga. Mimi sikumuaga."

"Wanangu waliniaga mimi!" Mwanahawa akafoka. "Nimewapeleka kwa dada yangu. Nitawalisha nini?"

Mashavu akawasihi, baba hata hajapoa kaburini. Hawakumsikia. Walishuka mlima kila mmoja kwa basi lake, na pikapu ikarudishwa Korogwe na dereva wa kuombwa. Juma lililofuata walikuja na spana, kila mmoja afungue chake aende nacho. Mashavu akakaa juu ya boneti, ufunguo kifuani.

"Baba alisema ni la mmoja," akawaambia. "Siku ya arobaini nitalitoa. Mpaka hapo, atakayegusa nati anikanyage mimi kwanza."

Watu watatu waliokula sahani moja tangu ujana sasa wakikutana sokoni mmoja anavuka barabara.

Arobaini ni kesho. Mashavu amewauliza wazee, kila mzee ana jibu lake. Usiniambie liuzwe, marehemu alikataa. Usiniambie wapokezane; hilo nalo alilikataa. Usiniambie abaki nalo binti. Hakuachiwa yeye, na anaogopa deni la wosia kuliko njaa. Liko uani kwake chini ya turubai lililotoboka, mvua inaingia, na jana amekuta yai kwenye kiti.

Mimi sisemi "Washa!" tena leo. Ufunguo wa Mashavu, tuseme, ninao hapa, nauweka kiganjani mwako. Singano, Mwanahawa, au Mbelwa? Mpe mmoja, kisha utuambie wale wawili utawatazamaje usoni.