Masgaba na Gharika ya Uzara

Sikilizeni, watu wa Tigasi, mjue mlikotoka. Katika zama za mababu wa mababu zetu, mji huu ulipokuwa bado malisho matupu, alizaliwa Masgaba bin Yufitani bin Aderi, wa ukoo wa mashujaa walioitawala milima ya Aduru kwa mkuki. Masgaba Kifua-cha-Mwamba, aliyempanda farasi bila hatamu akamgeuza kwa goti tu, na aliyeweza kumbeba ndama mabegani akapanda naye mlima huku akiimba.

Wakati huo Rumi ilikuwa imekwisha kushinda. Majeshi yake yalivuka bahari, yakapigana na mababu zetu hata mashujaa wengi wakalala makaburini, wakiwamo kaka wawili wa Masgaba, na waliobaki wakaweka silaha chini. Nchi ikafanywa jimbo, akaletwa liwali aliyeitwa Kurvio, naye akatangaza: "Farasi wote wa Tigasi ni mali ya Kaisari. Vijana wa nchi hii watakuwa askari katika nchi za baridi, ng'ambo ya bahari, chini ya wakubwa wa Kirumi." Simanzi ikaingia kila nyumba, kwani Mtigasi bila farasi wake alijiona nusu mtu.

Kabla farasi hawajakusanywa, mvua kubwa ikanyesha milimani, na mto Uzara ukafurika ghafla, ukakizingira kikosi cha Warumi kilichopiga kambi kwenye kisiwa cha katikati. Liwali alisimama ukingoni akitazama mashua zake zikivunjwa na magogo. Masgaba na wapanda farasi wake wakafika, wakasimama kwenye mwinuko.

Yafata, binamu yake, akamwambia, "Ndugu yangu, tuuachie mto kazi yake. Hawa ndio waliowaua kaka zako."

Masgaba akakitazama kile kisiwa. Maneno yale yalimchoma, maana makaburi ya kaka zake aliyachimba kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kule kisiwani kulikuwa na askari amekumbatia mti, akiita kwa lugha ambayo Masgaba hakuielewa, na kwa jinsi alivyoita, Masgaba alijua kwamba anamwita mama yake.

"Wakifa hawa, Rumi italeta wengine, tena wenye hasira," akasema. "Tukiwatoa, hawataweza tena kututazama kama watumwa. Anayenipenda anifuate majini."

Akajitosa, na Yafata, huku akinung'unika, akawa wa pili. Farasi wakaogelea wakienda na kurudi, askari wakining'inia kwenye manyoya ya shingo na mikia. Wa mwisho alikuwa akida wao, mtu mnene aliyekataa kuiacha bendera ya kikosi, basi Masgaba akamnyanyua yeye na bendera yake, akawavusha pamoja.

Liwali akasema, "Omba utakalo."

Masgaba, maji yakimchuruzika, akajibu: "Farasi hawa hutii watu waliowalea. Ukitutenganisha, utabaki na nyama tu. Tuache pamoja. Tutakuwa askari wa Kaisari na kuilinda mipaka ya jimbo hili, lakini hapa hapa nyumbani, chini ya wakubwa wetu wenyewe."

Liwali akacheka, akakubali. Akampa uraia wa Rumi, jina jipya la Kurvio Masgaba, na vazi refu jeupe la waungwana wa kwao. Masgaba alipoingia nalo nyumbani, mkewe Tanifa alimzunguka akimkagua, kisha akaketi chini kwa kicheko.

"Mume wangu, wamekuvisha shuka la kitanda."

"Nitalivaa kwenye baraza la liwali," akasema Masgaba, naye akicheka. "Humu ndani mimi ni mwana wa Yufitani."

Ndipo mashujaa waliojua mkuki tu wakajifunza kuchonga mawe, wakaujenga mji huu, ukuta wake, soko lake, na hamamu yenye maji ya moto. Yafata aliapa hataingia humo kamwe. Alipoingia mara ya kwanza, ilibidi atumwe mtu wa kumtoa.

Masgaba aliishi hata akaona wajukuu wa wanawe. Akafa mchana wa sikukuu, juu ya farasi wake, akitazama vijana wakishindana mbio. Akainama taratibu, uso ukiwa bado na tabasamu, na farasi akatembea kwa upole hadi mlangoni kwake bila kumwangusha. Tanifa, bibi kizee, akatoka, akamtazama sana. Watu wakangoja aangue kilio. Yeye akapiga kigelegele, akaamuru mbio ziendelee.

Ndiyo maana mpaka leo, Mtigasi akifa amekula chumvi nyingi, hatumlilii. Wanawake hupiga vigelegele, na farasi hushindanishwa mbio.